Kutengeneza mishale ya mti kwa upinde wa asili: kila kitu kinaanzia kwenye wano

Mchonga Mawano (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Humu jukwaani maswali ya upinde hayaishi: pauni ngapi za nguvu ya kuvuta zinatosha, mti gani unafaa, upote (kamba ya upinde) usokotwe kwa uzi gani. Habari ya mshale haiulizwi. Mtu anahangaika na upinde wake, anauchonga na kuupiga msasa mpaka unang'aa, halafu anaurushia mishale ya kuokoteza, mmoja mzito na mwingine mwepesi, mmoja mkakamavu na mwingine unanepanepa. Ikienda ovyo analaumu upinde, au anailaumu mikono yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Upinde wa kawaida wenye mishale inayolingana utaushinda upinde wa hali ya juu wenye mishale isiyolingana, na utaushinda kila siku. Upinde kazi yake ni kusukuma, ikiisha hapo imeisha. Kinachofika kwa mnyama ni mshale, na ndani ya mshale kinachobeba mzigo wote ni wano, yaani ule mti wenyewe. Manyoya, kigumba (ile ncha kali ya mbele), gundi na rangi ni vya baadaye.

Nazungumzia upinde wa asili: wa mti mmoja au wa mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea, mshale ukipita ubavuni mwa mpini.

Hapo kwenye "ubavuni mwa mpini" ndipo penye siri yote. Shika upinde kwa mkono wa kushoto, weka mshale, tazama kutoka nyuma. Upote unasukuma kuelekea katikati ya upinde, lakini mpini umeziba njia, kwa hiyo mshale umekaa pembeni na ncha yake imeelekea kushoto kidogo. Ungedhani utakwenda kushoto. Ukiwa na ugumu unaotakiwa, hauendi huko. Upote ukiachiwa, wano linasukumwa kutoka nyuma huku uzito wa kigumba ukigoma mbele, basi linapinda, linauzunguka mpini bila kuugusa sana, linapinda upande wa pili, na linaendelea kutikisika hivyo mpaka manyoya yalitulize. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia Mmarekani Clarence Hickman aliupiga picha mwendo huu kwa kamera ya kasi kubwa, watu wakaona kwa macho jambo ambalo wachonga mishale walikuwa wakilifuata kwa mikono tangu zamani.

Maana yake ni kwamba mshale lazima ujikunje, tena kwa kiasi kinachoufaa upinde wako. Wano gumu mno halizunguki mpini, linaugonga na kwenda kushoto kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Wano laini mno linapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Hakuna wano gumu "zuri" lisilo na upinde wake.

Nikichagua wano natazama kwanza nyuzi za mti, kisha ugumu, kisha uzito. Unyoofu nauweka mwisho. Najua wengi watashangaa, maana kitu cha kwanza mtu anachofanya akiokota kijiti ni kukifumbia jicho moja aone kama kimenyooka. Lakini wano lililopinda hunyooshwa kwa moto na mkono. Wano ambalo nyuzi zake zimekatika ubavuni halina dawa, na ndilo linalovunjika likiwa bado mkononi mwako.

Naendelea na hatua nyingine kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

Mwanafunzi wa Uta

Mkuu, nashukuru kwa uzi. Nilikuwa nikidhani mshale ukipinda ni ubovu. Swali langu: mti gani hasa? Na zile fimbo za mviringo zinazouzwa kwenye maduka ya mbao zinafaa, au nitajiumiza?

Mchonga Mawano

Ndugu Mwanafunzi, umeuliza mambo mawili, nitaanza na fimbo za dukani kwa sababu zinahusu usalama wako.

Zinafaa baadhi, na itabidi uchague kwa subira. Shida ni kwamba mashine inakereza mbao bila kujali nyuzi zinaelekea wapi. Fimbo inatoka nyoofu kwa macho, kumbe nyuzi zinakwenda mshazari na kutokea ubavuni. Zigeuze kwenye mwanga. Ukiona mistari inaanza mwisho mmoja na kukimbia sambamba na fimbo mpaka karibu na mwisho wa pili, hiyo weka upande wako. Ukiona mistari inakata ubavu katikati na kutengeneza vichwa vya mikuki vifupi vifupi, rudisha. Katika rundo zima unaweza kuondoka na chache tu, usione aibu. Daktari Saxton Pope, aliyefufua uwindaji wa upinde Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, mishale yake mingi aliitengeneza kwa fimbo za namna hii za mti wa mbetula, na alikwenda nayo kwa wanyama wakubwa.

Kuhusu mti: duniani mwerezi wa Port Orford, unaoota kusini magharibi mwa Oregon na kaskazini mwa California, umepewa heshima kuliko yote. Nyuzi zake zimenyooka, ni mwepesi kulingana na ugumu wake, na ukishanyooshwa hukaa hivyo. Kwa windo wapo wanaopenda mti mzito zaidi, kama mbetula au ule uitwao Douglas, kwa kuwa mshale mzito hupenya vizuri. Msonobari wenye nyuzi zilizobanana nao ni mzuri sana na watu wanaudharau bure. Kule Stellmoor, kaskazini mwa Ujerumani, ilichimbuliwa mishale ya msonobari yenye umri wa zaidi ya miaka 10,000. Mishale yenyewe iliharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini michoro na maelezo yamebaki. Mawano yale yalipasuliwa kutoka kwenye magogo, hayakukatwa kwenye vichipukizi.

Hilo la kupasua lizingatie. Ukiwa na ubao wako mwenyewe, usikimbilie msumeno. Pasua kwa patasi au kabari kutoka mwisho wa ubao. Ufa unafuata nyuzi wenyewe, hauhitaji kuambiwa. Vipande vitakavyotoka ni vya pembe nne na vimekunjamana kidogo, lakini nyuzi zake ni nzima toka mwanzo hadi mwisho. Vipige randa ndani ya mfereji wa ubao, toa kona upate pande nane, kisha kumi na sita, malizia kwa msasa ulioukunja kwenye kiganja.

Kipanga

Wakuu, nimesoma yote na nakubali, ila naona vichipukizi vimepitwa haraka mno. Mimi ni mtu wa vichipukizi tupu.

Mshale wa fimbo ya kukereza unatafuta nyuzi nzima. Kichipukizi kimezaliwa nazo. Mti umejijenga wenyewe kwa duara, nyuzi hazijakatwa popote, ndiyo maana wano la kichipukizi jembamba linastahimili kugongwa kuliko fimbo ya dukani ya unene uleule. Yule mtu wa barafu aliyepatikana kwenye milima ya Alpi mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na podo (mfuko wa mishale) lenye mishale 14. Mawano yake karibu yote ni vichipukizi vya kichaka kiitwacho Viburnum. Miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, ina vigumba vya jiwe na manyoya matatu yaliyogandishwa kwa lami ya mbetula na kuzungushiwa uzi mwembamba. Mingine 12 ilikuwa bado mawano matupu. Ukiitazama orodha ile unaona fundi aliyekuwa katikati ya kazi kama sisi.

Na Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa California, aliyetokea Oroville, California, mwaka 1911, ndiye aliyemfundisha huyo Pope uliyemtaja. Mishale yake ilikuwa ya vichipukizi, akivinyoosha kwenye joto la makaa.

Namna ninavyofanya mimi: nakata wakati mti umepumzika, majani yakiwa machache na utomvu umetulia. Nachagua vilivyonyooka, visivyo na matawi, vinene kidogo kuliko kidole changu kidogo, na virefu kuliko mshale ninaoutaka kwa kiganja kizima, kwa sababu ncha zitapasuka zikikauka. Nazipaka gundi au nta ncha zote mbili. Gome silitoi, maana likitoka mapema maji hukimbia haraka na mti hupasuka. Navifunga pamoja kwa kamba, vimebanana, naviweka kivulini penye hewa. Kila baada ya muda nafungua, nanyoosha vilivyopinda, nafunga tena. Haraka hapa haina nafasi, miezi kadhaa ni kawaida.

Vikikauka nakwangua gome kwa kisu kilichosimama wima, kisha nakuja kwenye moto. Makaa yasiyo na ndimi, au jiko lolote lenye joto la kutulia. Pitisha sehemu iliyopinda juu ya joto huku ukiizungusha, mpaka usiweze kuishika kwa raha. Mti usibadilike rangi. Ipinde upande wa pili kupita kidogo pale unapotaka, shikilia mpaka ipoe. Ukiachia ikiwa moto, inarudi. Anza na mpindo mkubwa, malizia na vidogo. Penye fundo usilazimishe.

Kitu cha mwisho: kichipukizi kina upande mnene na upande mwembamba. Upande mnene uende mbele kwenye kigumba. Mshale unaopungua unene kuelekea nyuma unatulia hewani mapema.

Mchonga Mawano

Dada Kipanga, nimepokea, na sina pingamizi. Kwa mtu anayeanza asiye na vifaa vya kupimia ningemshauri aanze na njia yako. Ninachoona kigumu kwenye vichipukizi ni kupata 12 vinavyofanana. Hilo ndilo linalonirudisha kwenye mbao.

Randa na Msasa

Wakuu, hapo kwenye kufanana ndipo penye kazi yangu, naomba niweke kipimo cha ugumu.

Tengeneza ubao wenye nguzo mbili fupi, nafasi kati yake inchi 26, yaani sentimita 66. Laza wano juu ya nguzo. Katikati tundika uzito wa pauni 2, karibu gramu 907. Pima wano limeshuka milimita ngapi. Kisha gawanya 660 kwa hizo milimita. Jibu ni pauni za upinde linaoufaa. Likishuka milimita 13, unapata karibu 51. Likishuka 15, unapata 44. Likishuka 11, unapata 60. Nguzo mbili, chupa ya maji iliyopimwa na rula vinatosha, na vitakufundisha mengi kuliko vifaa vya bei kubwa.

Jibu hilo lina masharti. Linahusu mshale wa inchi 28 wenye kigumba cha gramu 8 hivi. Mshale ukiwa mrefu zaidi hunepa zaidi, kwa hiyo kila inchi inayozidi tafuta wano gumu zaidi kwa pauni 5. Ukipungua inchi, punguza vivyo hivyo. Kigumba kikizidi gramu moja na nusu, ongeza tena pauni 5 hivi. Kama mpini wa upinde wako ni mnene na haukuchongwa kuingia kuelekea katikati, mshale una safari ndefu ya kuuzunguka, basi shuka pauni 5 hadi 10. Na usisahau kwamba pauni zilizoandikwa kwenye upinde kwa kawaida ni za kuvuta inchi 28. Ukiwa na mikono mifupi, ukavuta 26, hupati pauni hizo. Pima kwa mvuto wako mwenyewe.

Sasa tahadhari kuhusu msasa, kwa sababu wengi huharibu hapa. Ugumu wa fimbo ya mviringo unakwenda na kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne. Ukilisugua wano la milimita 9 likafika 8.7, kwa macho hujafanya kitu, umepunguza asilimia 3 tu ya kipenyo. Ugumu umepungua karibu asilimia 13. Wano la pauni 55 limeshuka mpaka 48. Kwa hiyo sugua kidogo, pima, sugua kidogo, pima. Na hiyohiyo ndiyo njia ya kuyalinganisha mawano: lililo gumu sana halihitaji kutupwa, lifikishe kwa wenzake taratibu.

Pima ugumu pande mbili, ukilizungusha robo. Mbao ina upande mgumu na upande laini. Weka alama ya penseli kwenye upande mgumu, Mchonga atakueleza unaelekea wapi.

Mwanafunzi wa Uta

Mzee Randa, hesabu hiyo ya msasa imenishtua. Sasa huo upande mgumu unaelekea wapi?

Mchonga Mawano

Unaelekea kwenye ubavu wa mpini, kwa sababu kule ndiko wano linakopinda. Ukitazama kitako cha wano utaona mistari ya miaka ya mti. Pengo la upote, ule mkato wa kitakoni unaopokea upote, likate mistari hiyo, lisiende sambamba nayo. Ukifanya hivyo umepata mambo mawili kwa pamoja: upande mgumu umeelekea kwenye mpini, na pengo halipasuki, maana upote haupigi kwenye ufa wa asili wa mti. Pengo linaloenda sambamba na mistari litapasuka, leo au kesho.

Kisha tazama mgongo wa wano, upande utakaokuwa juu ukiwa umevuta. Kama nyuzi zinatokea juu na kuchora vichwa vya mikuki, vielekee mbele kwenye kigumba, ili wano likivunjika kipande kirukie juu, kisishuke kwenye mkono unaoshika upinde. Kama vinaelekea nyuma, geuza wano upande wa pili kabla hujachonga pengo.

Pengo lenyewe unaweza kulikata kwa misumeno miwili ya chuma iliyofungwa pamoja, ukalainisha kwa tupa nyembamba na msasa uliokunjwa. Upote uingie kwa kubana kidogo na utoke kwa kugongwa kidogo tu kwa kidole. Mbele ya pengo zungusha uzi imara na gundi ili pasipasuke. Kwa upinde mzito ongeza kipande chembamba cha pembe. Wachonga mishale wa Kiingereza walifanya hivyo: kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilipatikana mishale zaidi ya 3,500, mingi ya mti wa popla, na kwenye vitako vyake kuna mikato ilikokuwa imepachikwa pembe. Pinde zile zilikuwa nzito mno, mti mtupu usingestahimili. Anayetumia vitako vya plastiki vya kuchomeka achonge kitako kwa mshazari wa digrii 11, na mbele kwa kigumba digrii 5, ndivyo vinavyotengenezwa.

Na kabla ya kila pigo, nasema kila pigo, shika mshale ncha zote mbili, ukunje kidogo mbali na uso wako huku ukiuzungusha, sikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka au ukiona ufa, vunja mshale huo palepale ili mtu mwingine asiuokote. Mshale wa mti unaovunjika wakati wa kuachia unaingia mkononi. Hili silipunguzi uzito kwa ajili ya mtu yeyote.

Nyuki Mweusi

Wakuu, mimi naona mnasumbuka sana na ugumu. Weka kigumba kizito mbele, gramu 13 au zaidi, mshale utajinyoosha wenyewe. Uzito wa mbele ndio kila kitu kwenye kupenya.

Mchonga Mawano

Ndugu Nyuki, kuhusu kupenya niko na wewe. Uzito mbele unasaidia mshale kufuata ncha yake. Ila kigumba kizito hakikuondolei suala la ugumu, kinalifanya kuwa kubwa zaidi. Wano lililokuwa sawa na gramu 8, ukilipa gramu 13 linakuwa laini kwa upinde uleule. Sasa linapinda kupita kiasi, linafika likiwa bado linatikisika, na mshale unaotikisika ukigonga unapoteza nguvu zake ubavuni badala ya kupenya. Kama unataka gramu 13, anza na wano gumu zaidi, ndipo utapata faida unayoisema.

Kwa uzito wa mshale wote, kwa windo mimi nataka angalau gramu 0.65 kwa kila pauni ya upinde. Upinde wa pauni 50 upate mshale wa gramu 32.5 na kuendelea. Mwepesi kuliko hapo unakwenda kasi, lakini nguvu nyingi inabaki kwenye upinde, unapiga kelele, unatetemeka na mwishowe unaumia. Ndani ya podo moja tofauti kati ya mshale mzito na mwepesi isizidi gramu moja.

Nyuki Mweusi

Hapo nimekuelewa mkuu. Nitapima wano langu na kile kigumba kizito nione limekaa wapi.

Mwanafunzi wa Uta

Na manyoya? Nimekusanya ya bata mzinga, mengine marefu, mengine ya mkia.

Kipanga

Ya mkia weka kando, ni laini. Tumia ya bawa, yale magumu ya ukingoni. Bawa la kulia na la kushoto yana mkunjo tofauti, kwa hiyo kwenye mshale mmoja yote matatu yatoke bawa la upande mmoja. Kulia au kushoto haina tofauti kwenye shabaha, kuchanganya ndiko kunakoharibu, maana moja litauzungusha mshale huku na jingine kule.

Pasua unyoya katikati ya mhimili wake, sugua mhimili mpaka ubaki mwembamba na ulalie wano bila kuyumba. Urefu wa sentimita 10 hadi 13 unatosha kwa windo. Mwisho wenye mhimili mnene uelekee mbele. Acha sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye pengo ili vidole visiguse. Unyoya mmoja usimame pembe mraba na pengo, huo uangalie mbali na mpini, mingine miwili igawane duara kwa usawa. Inamisha kidogo kufuata mkunjo wa asili ili mshale uzunguke hewani.

Mbele ya kila unyoya, pale mhimili unapoanzia, suka uzi mizunguko kadhaa na upake gundi. Watu wengi huliruka hili. Ncha ya mhimili ikiinuka na wewe unapitisha mshale juu ya mkono wako, itakuchana.

Faida ya unyoya dhidi ya plastiki kwenye upinde wa asili ni kwamba unyoya unalala ukigusa mpini, unapita. Plastiki inagonga na kuusukuma mshale nje. Hasara yake ni maji, unyoya uliolowa unalala na hauinuki mpaka ukauke. Funika podo mvua ikija.

Randa na Msasa

Kabla ya manyoya, paka wano vanishi au shelaki, mipako kadhaa myembamba, usugue kidogo katikati ya mpako na mpako. Wano lililonyooka likinyonya unyevu litapinda tena na kuongezeka uzito. Vitako na ncha ndizo zinazonywa maji zaidi, zipe mpako wa ziada. Na usiegemeze mishale ukutani, ilaze au itundike.

Mchonga Mawano

Sasa jaribio la mwisho, ambalo naliamini kuliko hesabu zote tulizotoa. Chukua mishale mitatu yenye kigumba na isiyo na manyoya, na mitatu yenye manyoya, ya mawano yaleyale. Simama karibu, hatua 10 hivi, mbele ya shabaha laini. Piga yote. Kama isiyo na manyoya inaangukia kushoto mwa mingine, wano ni gumu, kwa mvutaji wa mkono wa kulia. Ongeza uzito wa kigumba au sugua wano. Kama inaangukia kulia, ni laini, kata urefu kidogo au punguza kigumba. Ikikaa pamoja na yenye manyoya, umepata. Manyoya yanasahihisha makosa madogo, ndiyo maana unayaondoa ili uone kosa lenyewe.

Kuhusu vigumba vya windo nitasema kwa ufupi ila kwa mkazo. Mshale haumwangushi mnyama kwa kishindo, unamwangusha kwa kukata na damu kutoka. Kwa hiyo kigumba butu ni ukatili. Mimi napenda kigumba kipana cha makali mawili, kilichonolewa mpaka kinyoe nywele za mkono, na nanoa tena kabla ya kutoka. Kichomeke kikae sawa na mhimili wa mshale. Simamisha ncha kwenye kiganja uuzungushe mshale, ukiona unayumba, pasha gundi moto, geuza kigumba, jaribu tena. Anayefunga kigumba cha mkia ndani ya ufa wa wano atumie ukano uliolowekwa. Ukikauka hujikaza wenyewe na hauhitaji fundo.

Umbali wako wa kuwinda ni ule ambao pigo la kwanza, mwili ukiwa haujapata joto, linaingia kwenye eneo la kiganja kilichopanuliwa. Kwa wengi ni chini ya mita 20. Subiri mnyama asimame ubavu au ageuke kidogo kukupa kisogo, mshale uingie nyuma ya bega kuelekea mapafu. Akikutazama usoni, usiachie. Sheria ya mahali ulipo inakuja kabla ya haya yote, kama uwindaji hauruhusiwi, shabaha ya nyasi inatosha kukupa raha ya mshale uliochongwa vizuri.

Mwanafunzi wa Uta

Swali la mwisho kwa leo wakuu. Mshale wangu uligonga jiwe, umevunjika sentimita chache nyuma ya kigumba. Wano lililobaki limenyooka na nyuzi zake ni nzuri. Nitupe?

Mchonga Mawano

Usitupe, ila kwanza lichunguze lote. Pigo la jiwe hupeleka nyufa nyuma zaidi ya pale panapoonekana. Lipinde, sikiliza, pitisha ukucha. Likiwa zima, liunge kwa mti mgumu.

Chonga mwisho wa wano uwe kabari ndefu bapa, sentimita 15 hadi 20, pande mbili zilizopungua sawasawa mpaka ncha. Chukua kipande cha mti mgumu cha pembe nne, chenye nyuzi nyoofu, kikate ufa katikati wa urefu uleule. Paka gundi nyingi, ingiza kabari ndani ya ufa taratibu, mashavu ya mti mgumu yatafunguka na kuikumbatia. Zungusha kamba kutoka nyuma kwenda mbele, kaza, hakikisha kimenyooka kabla gundi haijashika. Ikikauka kabisa, piga randa kipande kiwe cha mviringo sawa na wano.

Mbele patakuwa pagumu na pazito kuliko mwanzo, na hapo ndipo mishale huvunjika zaidi, kwa hiyo mshale huu unaweza kudumu kuliko wenzake. Lakini usiurudishe kwenye podo moja kwa moja. Upime upya uzito na ugumu, na ukionekana hauendani tena na ile mingine, uwekee alama ya rangi uwe wa mazoezi.